Mzuka Anadai Nini? Maradhi, Majonzi na Muda Uliopotea katika Hadithi za Ajabu

Kila inapozungumzwa barazani riwaya au filamu yenye jini, mzuka au maiti aliyefufuka, mazungumzo ya Unguja na Pemba huingia haraka katika mabishano mawili. Wako wanaosema kwamba hadithi za namna hiyo zinawafundisha watoto uchawi na kuwatoa katika dini, na wako wanaosema kwamba ni upuuzi, kwa kuwa mtu mzima mwenye akili zake hawezi kukaa kitako kusoma habari za vitu visivyokuwepo. Siku hizi mabishano yamehamia katika simu, ambako visa vya majini hurushwa usiku kucha kutoka kundi moja kwenda jingine, vingine vikiwa vimeandikwa kwa ustadi na vingine vikiwa uzushi mtupu unaojidai kuwa habari ya kweli. Nionavyo mimi, pande zote mbili zinaulizana swali moja ambalo silo: je, vitu hivi vipo? Mwandishi wa hadithi ya ajabu aghalabu hana haja na swali hilo. Anachokishughulikia ni jambo ambalo kila nyumba ya visiwani inalijua, nalo ni uchungu wa kumuuguza mtu, kumkosa, na kuihesabu miaka iliyokwenda naye.

Jambo hili si dogo. Anayesoma hadithi ya mizuka saa nane za usiku, mara nyingi, ni mtu aliyekaa macho kwa sababu kuna mgonjwa chumba cha pili. Mtu huyo anastahili kuelezwa kwa uangalifu kile anachokisoma, asije akaambiwa kwamba anatafuta uchawi ilhali anatafuta maneno ya kulisemea jambo lililomkaa kooni.

Hadithi ya ajabu, kwa maana nitakayoitumia hapa, ni masimulizi ya kubuni ambamo jambo lisilokubaliana na kawaida ya dunia hutokea na wahusika hulazimika kuishi nalo: mnyama husema, maiti hurudi, mtu hulala usiku mmoja akaamka katika karne nyingine. Ni tofauti na imani, kwa kuwa msimulizi wake hamtaki msikilizaji aamini. Anamtaka akubali kwa muda wa usimulizi tu, na ndiyo maana wazee wetu walianza kwa “Paukwa”, hadhira ikaitikia “Pakawa”, na kwa makubaliano hayo kila mmoja akajua kwamba sasa tumo hadithini. Ni tofauti pia na visa vya Kurani, ambavyo kwa Muislamu ni wahyi, si kitu cha kubuni, na nitakapokigusa kimoja hapa chini nitakigusa kwa kuuheshimu mpaka huo. Majonzi ni huzuni ya kupotewa, na wengi hukosea kwa kudhani kwamba huanza siku ya mazishi. Ama muda uliopotea, una sura tatu zinazochanganyika: muda ambao mgonjwa ameulala kitandani, muda ambao anayemuuguza ameutoa katika maisha yake mwenyewe, na muda ambao wote wawili walitarajia kuupata na hawakuupata. Huu wa tatu ndio mgumu kuliko yote. Haukuwahi kuwepo, kwa hiyo hauna picha, hauna kaburi, wala hakuna anayekuja kukupa mkono wa pole kwa ajili yake.

Hapo ndipo ajabu inapopata kazi. Msimulizi wa mambo ya kawaida anaweza kuonesha kitanda, chupa za dawa, jeneza na watu waliokaa mkekani. Hawezi kuonesha miaka isiyokuwepo. Mwandishi wa ajabu huipa miaka hiyo mwili, akaipa na sauti, ikaingia ndani na kukaa na watu. Ni kama mvuvi aliye katika maji ya tope anaposhusha upondo: haoni mchanga wala mwamba, lakini mkono wake unaambiwa na ule mti kina kimefika wapi na chini kuna nini. Mzuka katika hadithi njema hufanya kazi hiyo. Anayeusoma kwa kuuliza kama mzuka yupo anautazama mti na kukisahau kina.

Mwanazuoni Tzvetan Todorov, katika kitabu alichokichapisha Ufaransa mwaka 1970, alieleza kwamba roho ya hadithi za aina hii ni shaka: msomaji anabaki katikati, hajui kama jambo lililotokea lina sababu ya kawaida au la. Waandishi wetu walikuwa wakilifanyia kazi shaka hilo kabla ya kitabu hicho kutoka. Muhammed Said Abdulla wa Unguja alilitumia kwa ufundi katika Mzimu wa Watu wa Kale, riwaya iliyochapishwa mwaka 1960: maiti inakutwa mzimuni, watu wanaielekezea mizimu kidole, na Bwana Msa, mpelelezi wa riwaya hiyo, kwa kiko chake na utulivu wake, anaonesha kwamba uliofanya kazi ni mkono wa binadamu. Katika riwaya ya upelelezi shaka lazima lifungwe. Katika hadithi za majonzi huachwa wazi, kwa sababu mfiwa mwenyewe anaishi ndani yake: anajua kwamba mtu wake amekufa, amemuosha na kumzika, na bado mlango ukilia wakati ule aliozoea kurudi, kichwa kinageuka.

Mfano bora kuliko yote ninayoijua haukutoka mbali. Mwaka 1870 Edward Steere, mmisionari aliyekuja baadaye kuwa askofu, alichapisha London mkusanyo wa hadithi alizozipokea kwa wasimulizi wa Unguja, na ndani yake imo hadithi ya Sultani Darai. Wengi wanaikumbuka kwa sehemu yake ya furaha. Maskini anayechakura jaani akitafuta punje za mtama anaokota thumni, kwa thumni hiyo anamnunua paa, na paa huyo anasema kama binadamu. Paa anaokota almasi, anaipeleka kwa sultani, anamposea bwana wake binti wa sultani, anamuua nyoka mwenye vichwa saba na kumpatia bwana wake jumba la nyoka huyo pamoja na mali yote iliyomo. Sehemu inayotuhusu ni ile ya mwisho, ambayo wasimulizi wa haraka huikatisha. Paa anaumwa.

Katika nyumba hiyo yumo ajuza, na hadithi inampandisha na kumshusha ajuza huyo, kutoka kwa mgonjwa kwenda kwa bwana, kutoka kwa bwana kurudi kwa mgonjwa. Anakwenda kusema kwamba paa hawezi. Bwana anajibu apikiwe uji wa mtama mwekundu, chakula ambacho mkewe anaona aibu hata kukisikia kikitajwa kwa mgonjwa wa hadhi ile. Ajuza anarudi na jibu hilo, anamkuta paa ameinamisha kichwa, anapanda tena. Bwana anakereka. Anakumbusha kwamba paa huyu alinunuliwa kwa thumni tu, kana kwamba bei ya siku ile ndiyo thamani ya yote yaliyofuata. Mke anapeleka chakula kizuri kwa siri, lakini alichokuwa akikitaka mgonjwa hakikuwa chakula: alitaka bwana ashuke, amtazame. Bwana hashuki. Paa anakufa kwa uchungu, mwili wake unatupwa kisimani, na anayemlilia kwa haki ni sultani, baba wa yule mke, ambaye anapopata barua ya binti yake anafunga safari, anaingia mwenyewe kisimani kumtoa, na kumzika kwa heshima na kilio. Kisha usiku mke anaota kwamba yuko kwao, akaamka akajikuta yuko kwao kweli. Na mume anaota kwamba yuko jaani anachakura, akaamka yuko jaani, mkono umo katika vumbi, anatafuta punje za mtama.

Hakuna kadhi aliyemhukumu mtu huyu, wala hakuna aliyemlaani. Hadithi imeurudisha muda nyuma, basi. Miaka aliyopewa na paa imefutwa pamoja na paa, na ajabu ya hadithi, kwa maoni yangu, iko hapo zaidi ya ilivyo katika mnyama anayesema. Msimulizi angeweza kutwambia kwamba bwana alijuta. Neno “alijuta” lingepita masikioni kama upepo. Badala yake amelichukua juto na kulifanya mahali, na mahali penyewe ni jaa, ambapo msikilizaji anaweza kumuona mtu ameinama. Naye ajuza, ambaye hana jina, ndiye sura ya kila anayeuguza: wakati wa maradhi katika hadithi hii haupimwi kwa siku, unapimwa kwa safari zake za kupanda na kushuka.

Inabidi niseme jambo hapa kwa wenye wagonjwa. Watu waliofanya kila walichoweza, waliokesha, waliouza shamba la mikarafuu ili kulipia safari na vipimo, nao humaliza msiba wakijiona kama yule mtu wa jaani. “Ningalimpeleka mapema.” “Ningalikaa naye ile jioni.” Hadithi haisemi kwamba wana hatia. Inaonesha hisia hiyo ikoje inapofika ukomo wake, na mtu akiiona imesimama nje yake huweza walau kuipima na yale aliyoyatenda kweli.

Kupotea kwa muda kuna umbo jingine ambalo hadhira ya visiwani inalijua kuliko hadhira nyingi za dunia. Kila Ijumaa watu wengi husoma Suratul Kahf, na humo kimo kisa cha watu wa pangoni, ambacho kwetu ni habari ya kweli kutoka kwa Mwenyezi Mungu. Waliamshwa wakaulizana wamekaa muda gani, wakajibu siku moja au sehemu ya siku. Nayo miaka ilikuwa mia tatu na tisa. Mmoja wao anatumwa mjini na fedha zao akanunue chakula, na wafasiri wanaeleza kwamba fedha hizo za zamani ndizo zilizowafichua. Makusudi ya kisa hicho ni uwezo wa Mola na ukweli wa ufufuo, na sina nia ya kukishusha kiwe mfano wa fasihi. Nataka kusema tu kwamba sikio lililokisikia tangu chuoni linajua tayari kitu kidogo mkononi kinavyoweza kuufichua muda ambao moyo hauna habari nao.

Waandishi wa kubuni wa nchi mbalimbali wamelifanyia kazi umbo hilo kwa makusudi yao. Mmarekani Washington Irving, mwaka 1819, alimlaza mlimani mtu anayeitwa Rip Van Winkle kwa miaka 20. Anaporudi kijijini anakuta picha ya mfalme wa Uingereza imegeuzwa kuwa ya George Washington na mkewe amekwisha kufa. Wajapani wanayo ngano ya kale ya mvuvi Urashima Taro, aliyemuokoa kasa akachukuliwa hadi kwenye jumba la chini ya bahari, akakaa huko kwa raha muda aliouona mfupi, na aliporudi ufukweni hakuna aliyemjua, kwa kuwa mamia ya miaka yalikuwa yamepita. Anafungua kisanduku alichokatazwa kukifungua, na uzee wote uliokuwa ukimsubiri unamwangukia kwa mara moja. Hadithi hizi hazitaji maradhi. Wasomaji waliolala hospitalini, au waliomkalia mgonjwa, ndio wanaozitambua mara moja.

Chukua hali ambayo ni ya kawaida Pemba. Mama anaondoka Wete na mwanawe mgonjwa, wanavuka hadi Unguja, na kama ni saratani wanavuka tena kwenda Ocean Road, Dar es Salaam. Wanadhani ni wiki mbili, inakuwa miezi. Katika muda huo hakuna siku anayoweza kusema kwamba kulitokea jambo kubwa: kuna foleni, kuna benchi, kuna chupa ya chai, kuna daktari atakayepita kesho. Anaporudi, mtoto mdogo aliyemwacha akitambaa kwa shangazi yake anakimbia, na anamkimbia yeye, kwa kuwa hamjui. Karafuu zimechumwa, zimeanikwa, zimeuzwa. Nguo aliyomshonea binti yake kwa ajili ya Idi haimwingii tena. Kwa kalenda ameondoka miezi, kwa nafsi yake ameondoka siku moja ndefu, na kwa mtoto yule ameondoka maisha yote. Mwandishi akisema kwamba mama huyu alikuwa chini ya bahari, hajasema uongo mkubwa.

Aina nyingine ya hadithi za ajabu inahusu tamaa ya kumrudisha aliyekwenda. Mary Shelley, kabla ya kuandika riwaya yake ya mwaka 1818 kuhusu mwanasayansi anayekitia uhai kiumbe alichokiunga kwa viungo vya maiti, alimzaa mtoto wa kike mwaka 1815, mtoto akafa baada ya siku chache, na mwezi huohuo wa Machi aliandika katika kumbukumbu zake kwamba ameota mtoto yu hai: alikuwa amepigwa na baridi tu, wakamsugua mbele ya moto, akazinduka. Mama aliyeamka katika ndoto hiyo alijua kitu kuhusu kufufua ambacho hakimo katika sayansi. W. W. Jacobs, katika hadithi fupi ya mwaka 1902 kuhusu mkono wa kima uliokaushwa wenye kutimiza maombi matatu, aliwapa wazazi waliofiwa na kijana wao kile ambacho kila mfiwa anakitaka. Mama anaomba arudi. Usiku unasikika mlango ukigongwa. Mama anahangaika na komeo, baba yuko sakafuni anapapasa gizani kuutafuta ule mkono, kwa kuwa anaukumbuka mwili ulivyoharibika, na kwa ombi la mwisho anamrudisha alikotoka. Mlango unafunguliwa, barabara ni tupu. Hadithi hiyo ni ya kutisha, lakini hofu yake yote inatokana na mapenzi, na wazazi wote wawili wana haki: yule anayekimbilia komeo na yule anayelizuia.

Sisi tunalo umbo letu la tamaa hiyo. Kuna nyumba ambazo, baada ya kifo cha ghafla, hasa cha kijana, hunong’onwa kwamba hakufa, amechukuliwa, na kilichozikwa ni mgomba. Yeye yuko Giningi, mji wa wanga unaosimuliwa visiwani, anafanyishwa kazi. Mbele ya dini na mbele ya akili kauli hiyo haina msimamo, na imewaletea madhara wazee wengi walioshukiwa bila ya haki. Lakini tukiitazama kama masimulizi, tutaona kazi inayoifanya: inakataa kuufunga mlango. Pauline Boss, mtaalamu wa Marekani ambaye tangu miaka ya 1970 amechunguza huzuni za familia, zikiwemo za wanajeshi waliopotea vitani bila ya miili yao kupatikana, ameonesha kwamba msiba usio na mwisho ulio wazi huwa mzito kwa namna ya peke yake, kwa sababu mtu hawezi kulia kikamilifu wala kutumaini kikamilifu. Hilo visiwani hatuhitaji kufundishwa. Meli ya Spice Islander ilipozama usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 ikielekea Pemba, wengi hawakupatikana, na ziko familia ambazo mpaka leo hazina kaburi la kuzuru.

Boss aliuona uzito huohuo kwa namna ya pili, nayo ndiyo inayotugusa katika maradhi: mtu yupo mbele yako na hayupo. Bibi aliyepatwa na maradhi ya kusahau uzeeni humwita mjukuu kwa jina la ndugu yake aliyekwisha kufa, humuuliza kama fedha za karafuu zimelipwa, na humtaja mnunuzi ambaye duka lake halipo tena Chake Chake. Huhitaji kubuni mzuka katika nyumba hiyo. Wakati wenyewe umekwisha kukunjika, marehemu wanaitwa kula pamoja na walio hai, na mjukuu anapaswa kuamua kama atajibu kwa jina lake au kwa jina la mtu aliyekufa kabla yeye hajazaliwa. Waandishi wanapotumia ajabu kusimulia maradhi haya, naona hawaongezi chochote. Wanaandika kile ambacho bibi anakiona.

Ipo pia huzuni inayotangulia kifo, ambayo daktari wa maradhi ya akili Erich Lindemann aliieleza mwaka 1944, na ambayo kwetu haisemeki kwa urahisi. Kitandani kwa mgonjwa tunasema atapona inshallah, na ni vizuri tuseme, kwa kuwa dua ni haki ya mgonjwa. Lakini moyo wa anayeuguza unabeba na jingine. Mwandishi Patrick Ness, katika riwaya ya mwaka 2011 aliyoijenga juu ya wazo la Siobhan Dowd, mwandishi mwenzake aliyefariki kwa saratani mwaka 2007, anasimulia habari za mvulana ambaye mama yake anaumwa saratani, na anajiwa na jitu linalotoka katika mti. Mtoto anadhani jitu limekuja kumponya mama. Limekuja kumtaka mtoto aseme ukweli wake, na ukweli wenyewe ni kwamba pamoja na kumpenda mama yake kwa roho yake yote, amechoka, na sehemu ya moyo wake inataka jambo liishe. Nani angethubutu kulisema hilo mbele ya shangazi na majirani waliokuja kutazama mgonjwa? Jitu linaweza kulidai, kwa kuwa jitu si jamaa. Nalo halimhukumu. Mtu anaweza kuwa na mapenzi na uchovu katika kifua kimoja, na anayeuguza ambaye hakuambiwa hivyo huishi akijidhania ni mbaya.

Sasa niyagusie madai yanayosikika mara kwa mara. La kwanza ni kwamba hadithi hizi zinaeleza sababu ya maradhi. Hazielezi, na pale watu walipozisoma hivyo, walioumia ni wagonjwa. Mwaka 1892, katika kijiji cha Exeter, jimbo la Rhode Island huko Marekani, familia moja ilikuwa ikiteketea kwa kifua kikuu. Wanakijiji wakaamini kwamba mmoja wa waliokufa anawanyonya waliobaki, wakaufukua mwili wa msichana aliyefariki miezi michache nyuma, wakauchoma moyo wake na kumnywesha kaka yake mgonjwa majivu. Kaka naye akafa. Miaka kumi kabla ya hapo, mwaka 1882, Robert Koch alikuwa amekwisha kuitangaza bakteria inayosababisha maradhi hayo. Masimulizi ya mfu anayenyonya walio hai yanaisema vizuri hofu ya nyumba inayopukutika mmoja mmoja. Yalipogeuzwa kuwa tiba, yaliongeza ukatili juu ya msiba. Anayekohoa kwa wiki mbili na aende akapimwe, awe ameisoma hadithi au hakuisoma.

La pili ni kwamba majonzi yana ngazi tano zinazopandwa kwa zamu: kukana, kukasirika, kujadiliana, kusononeka, kukubali. Ngazi hizo zinatokana na kitabu cha Elisabeth Kübler-Ross cha mwaka 1969, na alichokuwa akikieleza humo ni hali za wagonjwa wanaokabiliwa na kifo chao wenyewe, aliozungumza nao hospitalini. Waliofiwa waliingizwa baadaye, na ratiba ikatengenezwa pasipokuwa na ratiba. Sisi nasi tunazo tarehe zetu. Matanga huanuliwa, arubaini husomwa, mjane hukaa eda miezi minne na siku kumi. Eda ni sheria yenye hekima zake, na hitima ni mkusanyiko wenye faraja, lakini hakuna iliyowekwa kuwa kipimo cha siku moyo utakayonyamaza. Hadithi za ajabu zinalijua hili kuliko vitabu vingi vya ushauri, kwa kuwa mzuka hafuati kalenda. Anakuja mwaka wa saba, siku ya harusi, wakati kila mtu anadhani yamekwisha.

La tatu ni la dini, nami nalichukulia kwa uzito. Katika itikadi ya Kiislamu aliyekufa yumo katika barzakhi, yaani hali iliyo baina ya kifo na ufufuo, na harudi duniani. Mwandishi anayemrudisha maiti katika riwaya hapingani na hilo maadamu haiuzi riwaya yake kama ushahidi. Kosa liko kwa wale wanaorusha visa vya kubuni kwa simu wakiviita habari za kweli, huku wakitaja mtaa na jina la mtu. Hao wamelivunja lile sharti la “Paukwa”, na lawama ya wazazi juu yao naiunga mkono.

Said Ahmed Mohamed, mzaliwa wa Pemba, alilitimiza sharti hilo kikamilifu katika Babu Alipofufuka, riwaya ya mwaka 2001, ambamo babu aliyekwisha kufa anamrudia K, mjukuu wake. Majonzi ya riwaya hiyo yamevuka kitanda cha mgonjwa mmoja, na muda unaodaiwa ni wa kizazi kizima kilichopewa ahadi ya nchi njema. Naitaja kwa ufupi, kwa kuwa inastahili makala yake, ila inaonesha kwamba chombo hiki kinabeba mizigo mikubwa kuliko tunavyokipa.

Kinachokosekana, kwa mtazamo wangu, ni hadithi za maradhi yetu ya sasa. Mgonjwa wa figo anayesafishwa damu kwa mashine kwa kawaida hufanyiwa hivyo mara tatu kwa wiki, takriban saa nne kila mara. Kwa mwaka ni zaidi ya saa 600 akiwa amelazwa, damu yake ikitoka na kurudi, na mtu wake akimsubiri nje na mkoba wa nguo. Ni muda halisi, unaohesabika, unaochukuliwa kutoka kwa watu wawili ili mmoja wao apate muda zaidi wa kuishi, na wote wawili wanaijua biashara hiyo bila ya kuitaja. Irving aliandika kuhusu mtu aliyelala miaka akaamka kila kitu kimebadilika. Kijana wa Mkoani au wa Jang’ombe mwenye kalamu anaweza kuandika kuhusu mtu anayelala saa nne, akaamka, akalala tena keshokutwa, na kila akiamka anamkuta mtu wake amezeeka kidogo kuliko saa zilizopita.